Mtoto hajageuka: kituo cha utrasaundi na kliniki ya zahanati

Nikiwa na mimba ya pili yenye umri wa wiki 34, nilikwenda katika kituo binafsi cha utrasaundi hapa Dar es Salaam kwa sababu ya kitu kigumu cha mviringo kilichokuwa kikinisukuma chini ya mbavu kila nilipoinama kumfunga mwanangu wa kwanza viatu. Sitakitaja kituo hicho kwa jina, kwa kuwa ninayoyalalamikia huenda yalikuwa ya mtu mmoja na ya siku moja.

Mashine ni mpya, chumba ni safi, na niliitwa dakika 20 tu baada ya kulipa shilingi 30,000. Mtaalamu alinipima kwa muda mrefu bila kutamka neno, akanipa karatasi ya kujifuta jeli, kisha akanielekeza nikasubiri majibu dirishani. Majibu yenyewe yalikuwa ukurasa mmoja wa Kiingereza, na nilipomwuliza kuhusu neno lililoandikwa kwenye mlalo wa mtoto, alinijibu, "Hajageuka, mama. Utamwona daktari wako," akaita namba inayofuata.

Kwa siku nne nililala na neno hilo. Kila teke lililonigonga kwenye kibofu nililihesabu kuwa ushahidi, na kila mtoto aliponyamaza nilijipa matumaini kwamba pengine anageuka. Mama mkwe wangu, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshampata bibi mmoja wa kunikanda tumbo.

Siku ya kliniki yangu ya kawaida, katika zahanati ya serikali, foleni ilianza saa 12 asubuhi, mabenchi hayakututosha, na kipimo cha presha kilikuwa kimoja kwa wajawazito wote. Kwa hayo ninaipunguzia alama bila kusita. Niliingia saa 4 na nusu. Mkunga alisugua viganja vyake hadi vikapata joto, akaanza kupapasa juu ya mji wa mimba, akashuka ubavuni, akamalizia karibu na nyonga, kisha akauchukua mkono wangu na kuuweka chini ya mbavu. "Bonyeza taratibu, mama. Unasikia kinavyocheza chenyewe? Hicho ni kichwa. Matako hayachezi hivyo, hayo huenda na mwili mzima." Mapigo ya moyo aliyapata juu ya kitovu changu, akaniambia kwamba mtoto aliyetanguliza kichwa kwa kawaida husikika chini ya kitovu.

Ndipo alipoisoma ile karatasi yangu, na hapo nilikasirika upya, maana karibu kila nilichohitaji kukijua kilikuwa kimeandikwa humo: kondo liko juu, mbali na mlango wa uzazi, na maji yanatosha. Alinieleza kwamba katika wiki ya 34 watoto wengi waliokaa hivyo bado hugeuka wenyewe, na kwamba mimba ikikomaa hubaki wapatao 3 au 4 tu katika kila 100. Kuhusu kupiga magoti na kuinua kiuno ili mtoto ageuke, alisema faida yake haijathibitishwa, ila haikatazwi ikiwa sisikii kizunguzungu. Kuhusu kukandwa alikuwa mkali: kondo linaweza kubanduka, na anayekanda sebuleni hana chumba cha upasuaji jirani. Kumgeuza mtoto kwa mikono kutoka nje ni kazi ya daktari katika hospitali yenye chumba hicho, mapigo ya moyo wa mtoto yakifuatiliwa, na kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa hufanywa kuanzia wiki ya 37. Nilipomwuliza kama hufanikiwa, hakunidanganya. Alisema karibu nusu ya majaribio hufaulu, na yasipofaulu tutazungumzia upasuaji au kuzaa kwa njia ya kawaida mbele ya wenye ujuzi wa kumpokea mtoto anayetanguliza matako. Chupa ikipasuka, hata kama sina uchungu, niende hospitali papo hapo, kwa sababu kamba ya kitovu inaweza kumtangulia mtoto.

Kituo cha utrasaundi ninakipa nyota 2 kati ya 5, zote kwa ajili ya usafi wake na picha ambayo, kwa haki, haikukosea. Kliniki ninaipa 4. Mtu anayeweza kukaa na swali lako kwa dakika 15 huku wanawake 30 wakimsubiri nje ni adimu. Anayekwenda achukue chai na mtandio wa kukalia, na asiiache nyumbani karatasi ya utrasaundi.

Wiki ya 36 mkunga alinipapasa tena, na kichwa kilikuwa palepale chini ya mbavu. Nimepewa rufaa ya kuonana na daktari Jumatatu ijayo, na barua yake nimeiweka juu kabisa ya mfuko wa kujifungulia, juu ya kanga na mpira wa kulalia. Bibi wa kukanda ametumiwa salamu na sukari kilo 2, na mama mkwe amekubali kunisindikiza.