LawHub kwa mnaojiandaa na LSAT, hasa maswali ya analojia

Mnaojiandaa na LSAT, mtihani wa kuingia shule za sheria huku Marekani, kama pasaji (vifungu vya kusoma) mnazielewa vizuri ila mkifika kwenye swali la kipi kinafanana zaidi na hali iliyoelezwa mnakwama, fungueni akaunti ya LawHub, ni ya LSAC wenyewe wanaotunga mtihani na ya bure inatosha kuanzia. Mitihani ya zamani mle ni ya kweli kabisa na skrini ni kama ya siku yenyewe, unapaka rangi mistari, unakata majibu usiyoyataka na dakika zako 35 zinahesabiwa.

Ninachokipenda zaidi ni majibu ya uongo. Vitabu vingi vya mazoezi vina majibu mabovu ambayo hata hujasoma pasaji unayaona, haya yametegwa haswa, yaani jibu baya linabeba mada ileile na jibu sahihi linaongelea kitu cha mbali kabisa. Mfano wangu mwenyewe huu: mji umejenga tuta kuzuia mafuriko, watu wakaliamini wakajenga mpaka ukingoni mwa mto, maji yalipolipita hasara ikawa kubwa kuliko zamani. Jibu moja linasema mji mwingine ulijenga bwawa mafuriko yakapungua, na wengi wanalikimbilia mana limetaja maji. Lingine linasema wachezaji walipewa helmeti ngumu wakaanza kugongana bila woga, majeruhi wakaongezeka. La helmeti ndo lenyewe! Kwa hiyo kabla hujaangalia majibu andika sentensi isiyo na mto wala tuta, kinga imewatoa watu woga na madhara yakazidi, halafu kila jibu lipime nayo kipande kwa kipande, kipande kimoja kikigoma kata. Mimi naiandika kwa Kiswahili na inafanya kazi vilevile.

Shida ni kwamba maswali haya ni machache kwenye kila mtihani na mitihani ya bure nayo michache, mingine mpaka ulipie usajili wa mwaka, so msiimalize mbio mbio. Ila msiyadharau kwa uchache wake, tangu Agosti 2024 zile gemu za mantiki (mafumbo ya kupanga vitu kwa masharti) zimetolewa na sehemu za hoja zinazohesabiwa ni mbili, na kule kuna maswali ya hoja zinazofanana kimuundo yanayotaka ujuzi huuhuu.

Na tafadhali msinunue vitabu vya zamani vya kukariri analojia za jozi za maneno, mtihani wa SAT wa kuingia chuo walishayatoa maswali hayo 2005 na GRE wa masomo ya uzamili 2011. Malizeni ya bure, rudieni mliyokosa, ndo mlipie.