Saa Janja Inayodai Kupima Sukari: Tuiangalie Pamoja

Haya jamani, karibuni. Saa hii niliyovaa mmeniuliza sana habari zake, maana matangazo yake yamejaa kwenye video fupi. Inapima mapigo ya moyo, hatua, usingizi, presha, na eti sukari ya damu bila kutoboa kidole. Hiyo ya sukari ndiyo iliyonifanya niinunue, na ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Ngoja niigeuze muione kwa nyuma. Mnaviona hivi vitaa vya kijani? Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa mishipani na mwanga unaorudi kwenye saa unapungua, kisha unaongezeka tena. Saa inahesabu huko kupanda na kushuka. Kazi hiyo inaiweza. Nimeilinganisha na mapigo ya shingoni nikiwa nimekaa, na tofauti ilikuwa ndogo. Sharti mkanda ukae vizuri, usilegee, na kama una tatuu hapo inaweza kubabaika.

Hatua pia inahesabu vizuri, ila lile lengo la hatua 10,000 lisiwanyime raha. Lilianza na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo. Hiyo 10,000 ilikuwa kwenye jina la biashara la kifaa hicho. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee ukaona kwamba waliotembea kama hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida ikakoma kuongezeka kwenye 7,500 hivi. Kwa hiyo bibi akifikisha 5,000, mpongezeni.

Namba ya kalori ambazo saa inasema mmezichoma msihangaike nayo. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi, na hata kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27.

Sasa tuje kwenye sukari. Naivua saa, naifunga kwenye taulo nililolikunja. Nabonyeza hapa. Subirini kidogo... haya, 5.6. Taulo halina tone la damu, na saa imetoa namba, tena namba ya mtu mwenye afya njema!

Hapo ndipo ninapokasirika. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini anaamua achome dozi kiasi gani kwa kufuata namba. Akiambiwa sukari iko juu wakati haiko juu, akajidunga, inashuka kupita kiasi, na anaweza kuzimia, hata kufa. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo waziwazi: haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi.

Msiichanganye saa hii na kile kihisi cha sukari kinachobandikwa mkononi au tumboni. Kile kina kiuzi chembamba kinachoingia chini ya ngozi, na saa ikiunganishwa nacho inaonyesha tu namba zake. Hicho ni kifaa halali cha tiba.

Hebu niwasogezee boksi. Mbele kuna tone jekundu, kubwa, limeandikwa sukari. Chini kabisa, kwa herufi ambazo mimi nimezisoma kwa kukuza picha kwenye simu, wameandika kwamba hiki si kifaa cha tiba. Wanajua wanachokifanya. Na kwenye tangazo wamemweka mtu aliyevaa koti jeupe, hana jina, hatajwi hospitali. Tangazo la afya likija hivyo, lipitisheni.

Presha ya saa hii sitaizungumzia, maana baada ya taulo siiamini.

Kama mmeshaitumia pesa yenu, itumieni kwa hatua na mapigo. Fungueni programu yake kwenye simu, nendeni kwenye mipangilio, mzime sehemu ya sukari. Na kama umemnunulia mzazi mwenye kisukari, mpigie leo, umwambie aendelee kutumia kile kipimo chake cha kutoboa kidole.