Mwaka mmoja na kufuli la usukani, kifuatiliaji na swichi ya siri: uzoefu wangu

Niliamka alfajiri nikakuta kioo cha mlango wa abiria kimesagika, vipande vimetapakaa kitini kama chumvi ya mawe. Walichukua begi la mgongoni lililokuwa na koti la mvua na madaftari ya mwanangu. Humo hamkuwa na kitu cha kuuza, lakini aliyevunja angejuaje? Yeye aliona begi tu. Mwanangu aliniuliza kama watarudi, nami sikuwa na jibu la kumpa. Wiki hiyohiyo nikaanza kununua vifaa.

Sasa mwaka umepita. Naandika kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni ya watumiaji, mengi niliyoyasoma yalikuwa ya mtu aliyefungua boksi jana. Kifaa cha ulinzi hukijui mpaka usiku wake ufike.

Gari langu ni la ufunguo wa kuzungusha, na la mke wangu ni la kubonyeza kitufe. Wizi wa magari haya mawili haufanani kabisa, kwa hiyo kabla hujanunua chochote jiulize kwanza gari lako ni la aina ipi.

Nianze na kufuli la usukani. Nilinunua lile la fito ya chuma lenye ndoano mbili, aina ambayo imeuzwa sana tangu miaka ya 1980. Ni zito, lina rangi ya njano inayoonekana hata ukiwa upande wa pili wa barabara, na kulifunga kunanichukua muda wa kuhesabu moja hadi kumi. Faida yake kubwa ni kuonekana: mwizi anayechungulia dirishani anajua papo hapo kwamba gari hili lina kazi ya ziada. Udhaifu wake hauko kwenye chuma chenyewe. Usukani wenyewe ni duara jembamba la chuma lililofunikwa sponji na ngozi, na msumeno wa mkono unaukata. Ukishakatwa, fito inachomolewa ikiwa imefungwa vilevile. Hili nililisoma mapema nikaona ni habari za kutishana. Nitalirudia.

Kifuatiliaji ndicho kilichonifundisha mengi. Kinapokea mawimbi ya setilaiti kujua kilipo, kisha kinatuma taarifa kwa laini ya simu iliyomo ndani. Maana yake kina sehemu mbili za kukwama: ukiegesha chini ya ardhi hakioni setilaiti, na laini ikiishiwa data kinanyamaza. Mwezi wa tatu kilinyamaza siku nne kwa sababu ya salio, nami sikujua. Tangu hapo nimeweka kikumbusho kwenye simu. Kuna pia vifaa vya kuziba mawimbi ambavyo wezi huvichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, na hapo kifuatiliaji kinabaki kukuonyesha mahali pa mwisho kilipoonekana. Chagua chenye betri yake ya ndani, kinachotuma ujumbe pale waya wa betri ya gari unapokatwa. Na kama gari linakaa wiki kadhaa bila kuwashwa, fahamu kwamba kifaa kinaendelea kunywa umeme; betri yangu kuukuu ilikufa nilipolala hospitali majuma matatu.

Lakini nawasihi, jambo kubwa ni ufungaji. Fundi wa kwanza alimaliza kwa dakika ishirini. Nilipoinama chini ya usukani na tochi nilikiona kifaa kinaning'inia kwa tepi nyeusi inayong'aa, waya mpya zimetoka kama utumbo. Mwizi mzoefu huanza kupapasa hapohapo. Nikalipeleka gari kwa fundi umeme mwingine, akakaa nalo nusu siku. Alitoa vipande vya dashibodi, akakiweka mahali nisipopataja, chini ya plastiki na si chini ya bati, upande wa antena ukitazama juu. Waya alizichomea kwa risasi, kisha akazizungushia tepi ya kitambaa kama ile ya kiwandani. Alipomaliza aliniambia, "Haya bosi, tafuta." Nilitafuta nikashindwa, na ndipo nilipomlipa.

Yeye ndiye aliyenishauri niongeze swichi ya siri. Inakata umeme wa pampu ya mafuta kupitia rilei, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme. Nilimuuliza kwa nini asikate starta, akanieleza kwamba gari la gia za mkono ukikata starta watalisukuma liwake, lakini bila pampu halina safari. Alisisitiza rilei ya ampea 40 na waya wenye unene unaofaa, kwa sababu waya mwembamba unachemka na gari linaweza kukuzimikia barabarani, au kuungua. Kazi hii usimpe mtu wa kubahatisha.

Vifuatiliaji vingi navyo vinaweza kuzima gari kwa kutuma amri kutoka kwenye simu. Changu kinaweza, na kimewekwa kisubiri mwendo ushuke kabisa ndipo kikate. Hakikisha chako kiko hivyo. Injini ikizimwa katikati ya mwendo, usukani unakuwa mzito na breki zinapoteza nguvu ya msaada, na mbele ya gari hilo kunaweza kuwa na mtoto anayevuka.

Usiku wenyewe ulifika mwezi wa nane. Kifuatiliaji kilituma ujumbe saa nane na dakika arobaini na saba, nami nilikuwa nimezima mlio wa simu. Niliuona asubuhi, nikatoka mbio. Gari lilikuwa limesogea kama urefu wa gari moja na nusu, mlango wa dereva wazi, kitasa cha ufunguo kimebomolewa. Usukani ulikuwa umekatwa upande wa kulia, na chembe za sponji zimejaa kwenye mkeka. Kufuli langu la njano lilikuwa kiti cha nyuma, limefungwa salama, halina hata mkwaruzo.

Gari liliwaka. Kwenye bomba hubaki mafuta yenye msukumo, yanatosha sekunde chache tu. Likazima, na bila shaka walijaribu tena na tena, kwani betri niliikuta hoi. Kisha wakaliacha. Swichi ile, kitu kidogo kuliko kiberiti, ndiyo iliyoniachia gari langu.

Kwa hiyo kama uwezo wako unatosha kitu kimoja tu, fanya swichi ya siri kwa fundi mzuri. Kifuatiliaji kinakuambia gari limekwenda wapi, swichi inalizuia lisiende. Na kama limekwenda kweli, ipeleke simu yako yenye ramani polisi. Usiende kulifuata mwenyewe.

Kuhusu gari la mke wangu, hatari yake ni nyingine. Ufunguo wa aina hiyo unaongea na gari kwa redio. Wezi wawili, mmoja karibu na mlango wa nyumba na mwingine karibu na gari, wanaweza kuyavuta na kuyapeleka mawimbi hayo hadi gari lidhani ufunguo upo. Halivunjwi kitu. Tulinunua kifuko chenye kitambaa cha nyuzi za chuma kinachoziba mawimbi. Kukipima ni rahisi: weka ufunguo ndani, ufunge, simama kando ya gari uvute kitasa. Likifunguka, kifuko hakifai. Cha kwanza kilifanya kazi vizuri miezi saba, kisha kikaanza kuvuja pale kinapokunjwa. Sasa tunakipima kila mwanzo wa mwezi, na ufunguo wa akiba nao una kifuko chake. Huu wa akiba watu wengi wanausahau kabatini karibu na mlango.

Kifuko hakizuii kila njia. Mwaka 2023 wataalamu wa usalama walieleza hadharani jinsi wezi wanavyochomoa taa ya mbele, wakafikia waya za mawasiliano ya gari na kuliamuru lifunguke, bila kuhitaji ufunguo wowote. Ndiyo maana gari hilo nalo tumelifungia kufuli la usukani, la sahani pana inayofunika duara lote. Linachosha kubeba, mke wangu analalamika, lakini msumeno haupati pa kushika kirahisi.

Kuhusu vioo, sijaona kifaa kinachoshinda gari tupu. Vioo vya pembeni vimetengenezwa visagike vikipigwa kwa kitu kidogo kigumu, na sekunde mbili zinatosha. Sasa sibakizi hata waya wa chaja, na nafuta ile alama ya duara inayoachwa na kishikio cha simu kwenye kioo cha mbele. Mizigo naiweka buti kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu ukiiweka pale unapoegesha kuna anayekutazama. Na nikibonyeza rimoti navuta kitasa kwa mkono, maana kuna wanaoziba mawimbi ya rimoti ukadhani umefunga.

Usukani mpya umewekwa. Swichi nimeihamisha, kwa kuwa waliokuja walikaa ndani ya gari muda wa kutosha kupapasa. Mwanangu aliuliza tena kama watarudi. Nilimwambia labda, kisha nikamwonyesha jinsi gari linavyozima, akacheka na kutaka nirudie.