ThinkPad T480 ya mtumba: ukiikuta Darajani, Zanzibar, ikague hivi kabla hujatoa pesa

Assalaamu alaykum ndugu zangu, karibuni. Leo mezani nnayo Lenovo ThinkPad T480, laptopu iliyotoka mwaka 2018, na hii ni ya mtumba. Mmekuwa mkiniandikia sana: "Mwanangu anaanza chuo, SUZA, nimnunulie laptopu gani?" Au mtu ana ofisi yake ndogo Mlandege, au Chake, na pesa ya kununua mpya hana. Jibu langu ni hii hapa. Lakini si kila T480, na ndiyo maana leo tutaigeuza juu chini.

Kwanza mjue kwa nini laptopu za ofisini zinatufikia kwa wingi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10. Windows 11 nayo haikubali kila mashine: inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kampuni ya utafiti ya Canalys ilikadiria mwaka 2023 kwamba kompyuta kama milioni 240 duniani zinaweza kuishia kuwa taka kwa sababu hiyo. Maofisi ya nje yanaziondoa, nyingi zinapita Dubai, zinashuka kwetu. Mashine inawaka vizuri, kibodi nzima, kioo safi. Kilichokwisha ni huduma tu.

Hili linanikera kwa dhati, kwa sababu sisi tuko kisiwani. Taka zetu zinapelekwa Kibele, na kompyuta si ganda la ndizi: ina madini ya risasi, ina betri ya lithiamu. Ukinunua mashine iliyobakisha muda mchache, kule ilikotoka wameshaondokewa na mzigo, na mzigo umekuwa wetu.

Sasa tuangalie prosesa, na hapa naomba msikimbie. Muuzaji atakwambia "hii Core i5". Usiishie hapo. Core i5 zimeanza mwaka 2009, na zote zinaitwa i5. Fungua mipangilio ya Windows, ingia System, shuka mpaka About, soma namba yote. Hii yangu inasema i5-8350U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, basi ni kizazi cha 8. Ukisoma i5-6300U, hicho ni kizazi cha 6, na Windows 11 haikitambui. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu zinakuwa mbili, kama i5-10210U.

Na sikilizeni hapa vizuri: T480 yenyewe ilitengenezwa kwa vizazi viwili. Zipo zenye i5-7300U ndani, umbo lile lile, kibodi ile ile, jina lile lile kwenye kioo. Ile ya kizazi cha 7 ina kori 2, yaani vichwa viwili vya kufanyia kazi, hii ya kizazi cha 8 ina kori 4. Si tofauti ndogo. Mwanafunzi anafungua Word, ukurasa wa chuo na mkutano wa Zoom kwa pamoja. Yenye kori 2 itaanza kuhema, hii inaendelea. Ukiziona mbili dukani zimewekwa pamoja kwa bei moja, sasa unajua ipi ya kuchukua.

Muuzaji akikwambia "tushaiweka Windows 11", mshukuru, kisha soma namba ya prosesa vile vile. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya zamani, na inawaka, lakini Microsoft hawakuhakikishii masasisho. Na usikubali kulipishwa kwa Windows ya kuvunjwa. Laptopu hizi za maofisini nyingi zimekuja na leseni yake imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Weka Windows safi, unganisha na intaneti, inajithibitisha peke yake.

Tuje kwenye betri, na hapa ndipo T480 iliponiteka. Ina betri mbili. Moja iko ndani, nyengine inachomolewa kwa nyuma. Tazameni: chaja nimeitoa, laptopu inawaka, hati iko wazi. Nasukuma vifungo hivi viwili vya chini, betri ya nyuma hiyo imetoka. Kioo hakijazima. Ile ya ndani imeshikilia. Napachika nyengine, naendelea kuandika. Kwa watu wa hapa, ambao wengi wetu tunakumbuka miezi ile mitatu bila umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hili si pambo. Hata leo umeme ukikatika saa mbili au tatu, mwalimu wa skuli anayetunga mtihani anachomoa, anapachika, kazi inaisha. Betri ya nyuma iko ya Wh 24 (Wh ni kipimo cha umeme inaouhifadhi) na iko kubwa ya Wh 72. Ile kubwa inatokeza chini na kuiinua laptopu kidogo, na uzito unaongezeka, lakini mimi naichagua hiyo bila kufikiri mara mbili.

Lakini betri ya mtumba ni ya mtumba. Ipime pale pale dukani. Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili. Lifungue, tafuta mistari miwili: Design Capacity, yaani ilivyotoka kiwandani, na Full Charge Capacity, yaani inavyoweza kujaa leo. Ya ndani ilitoka na kama mWh 24,000, yaani Wh 24. Hii yangu sasa inajaa 15,000 hivi. Zaidi ya theluthi imeshakwenda, na kwa umri wake sishangai. Ukikuta imeshuka chini ya nusu, usiikimbie mashine, punguziwa bei, kwa sababu betri hii inabadilishwa. Unaizima kwanza betri ya ndani kupitia BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla ya Windows kuwaka, unalegeza skrubu za kifuniko cha chini, na skrubu zenyewe hazidondoki, zinabaki kwenye kifuniko. Ndani unakuta betri, diski, na nafasi mbili za ramu, kumbukumbu ya kufanyia kazi. Ina GB 8? Ongeza nyengine ya 8. Fundi yeyote mwenye bisibisi na utulivu ataimaliza kazi hiyo mbele yako.

Wakikupa T480s, yenye s mwishoni, ni nyembamba na nzuri kubeba, lakini betri haichomoki na ramu moja imechomelewa. T490 ya mwaka 2019 nayo hivyo hivyo. Mimi nabaki na hii nene.

Mabaya yake nayasema. Kioo hakina mwanga wa kutosha. Kaa nayo barazani mchana, utakunja uso. Na kuna toleo la kioo cha 1366 kwa 768, hilo liacheni kabisa, maandishi yanachosha macho. Tafuta 1920 kwa 1080. Spika ni dhaifu. Kamera ni ya kawaida sana.

Kubwa zaidi ni tundu la USB-C. T480 zilikuwa na kasoro kwenye programu ndogo inayoendesha Thunderbolt, mfumo wa kasi wa tundu hilo, na isiporekebishwa tundu linaweza kufa. Lenovo walitoa sasisho lake. Ukinunua, hilo ndilo jambo la kwanza kulifanya. Pale dukani chomeka chaja kwenye matundu yote mawili ya USB-C, moja baada ya jengine, uone yanachaji. Washa tochi ya simu umulike ndani. Hewa yetu ya chumvi inakula chuma, ukiona ukijani, rudisha. Kisha zima, washa, na ikitokea nembo ya Lenovo bonyeza F1. Ikiomba nywila, hiyo mashine ni ya ofisi fulani na haijafunguliwa. Iache, hata wakikupunguzia.

Na wewe ambaye tayari unayo ya kizazi cha 6 au cha 7, usiitupe. Microsoft waliweka mpango wa masasisho ya ziada ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani mpaka 13 Oktoba 2026. Njia ya kudumu ni Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows, bure, na LibreOffice, programu yake ya ofisi, inafungua hati zako za Word. Wala si mambo mageni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Isipokuwa kama unategemea QuickBooks, programu ya mahesabu, ya kwenye kompyuta au Photoshop, hapo Linux itakusumbua.

Khasa nawasemesha ndugu zangu wa nyumba za wageni, Mji Mkongwe, Nungwi, Paje. Kwenye kompyuta ya mapokezi mna nakala za pasipoti za watu. Kama mashine hiyo bado ina Windows 10 isiyopata masasisho, na barua pepe zinafunguliwa humo humo kutwa, mnaweka siri za wageni wenu mlango wazi. Hilo lishughulikieni wiki hii, msingoje msimu.

Bei siitaji, kila duka na kila mzigo una yake. Nifanyieni hivi: someni namba ya prosesa ya laptopu mliyonayo au mnayotaka kununua, iandikeni yote hapo chini pamoja na bei mliyoambiwa, nami ntawajibu mmoja mmoja kama inafaa au iacheni.