Polyesta au epoksi kwa bodi ya gari la mbio

Fundi wa Malindi anayetaka kutengeneza bampa au milango ya faiba kwa gari la mbio ataanza na rezini (kimiminika kinachoganda na kushikanisha nyuzi za faiba) ya polyesta, ambayo mafundi wa boti wameizoea. Ni nafuu, na kigumishi chake, ambacho kwa kawaida ni kati ya asilimia 1 na 2, kinaweza kupunguzwa wakati wa joto kali ili rezini isigande ikiwa bado ndani ya ndoo. Hata hivyo, hunywea inapokauka, na stairini, kemikali iliyomo ndani yake, mbali na harufu yake kali, huyeyusha povu jeupe la vifungashio. Anayechonga umbo kwa povu hilo hana budi kutumia epoksi, rezini ya aina nyingine.

Epoksi hushika vizuri zaidi na hunywea kidogo, lakini uwiano wake haukisiwi: kigumishi kikizidi, kipande hubaki laini. Tena haifai kwa mkeka wa kawaida wa nyuzi fupi za faiba, kwa kuwa gundi inayoufunga huhitaji stairini ili iyeyuke. Itumike na kitambaa kilichofumwa. Bampa huvunjika kila mara, kwa hiyo polyesta inaitosha, ilhali gharama ya epoksi ningeibeba kwa milango, ambayo kwa epoksi na kitambaa kilichofumwa inaweza kufanywa myembamba zaidi, na wepesi wake dereva ataufaidi.