Skonzi za Pasaka za St Albans: nimezila kule kule, halafu nikazioka nyumbani

Jamani kila mwaka ikifika Kwaresima supamaketi za huku Uingereza zinajaa skonzi za msalaba, zile zenye zabibu na viungo na ule msalaba mweupe juu, na kila mwaka watu wanauliza kwenye magrupu zipi ni nzuri. Mimi jibu langu siku hizi ni moja tu, panda treni uende St Albans, mji mdogo kaskazini mwa London, ukale Alban Bun, yaani skonzi ya msalaba ya kule, ukishaijua ladha yake rudi nyumbani uoke mwenyewe. Ntaeleza kwa nini, na jinsi ya kuoka ntaweka humu humu.

St Albans sio mbali, treni ya haraka kutoka stesheni ya St Pancras, London, ni kama dakika 20 hivi, ukishuka unatembea kidogo mpaka kanisa kuu. Lile kanisa lenyewe tu ni la kwenda kuliona, mnara wake umejengwa kwa matofali ya Warumi yaliyookotwa kwenye magofu ya mji wa zamani wa Verulamium, ila leo nazungumzia skonzi. Wenyewe wanasimulia kwamba mwaka 1361 mtawa mmoja wa abasia (nyumba ya watawa) ya pale, Thomas Rocliffe, alioka mikate midogo ya viungo akawagawia maskini siku ya Ijumaa Kuu, na kwa watu wa St Albans hiyo ndio mama wa skonzi zote za msalaba. Mapishi wamebaki nayo karibu na yale ya zamani na hawayatoi yote, ila wanataja unga, mayai, hamira, zabibu ndogo nyeusi, na mbegu fulani za Afrika Magharibi zinazoitwa grains of paradise, au iliki ya kawaida. Siku hizi zinaokwa kwenye kinu cha Redbournbury jirani pale, kinu ambacho zamani kilikuwa mali ya hiyo hiyo abasia, na kipindi cha Kwaresima hadi Pasaka unazipata kwenye mgahawa wa kanisa.

Sasa ladha. Aisee. Ukiuma cha kwanza unachokutana nacho ni iliki, yaani mtu aliyekulia kwenye mahamri na vitumbua anajikuta kwao kabisa, halafu nyuma yake kuna ukali fulani mdogo wa kama pilipili manga, ule ni wa zile mbegu, maana ni ukoo mmoja na iliki na tangawizi. Sukari haijazidi. Umbo lake sio duara la mashine, kila moja ina sura yake, na ule msalaba hakuna kitu kilichopakwa, umekatwa kwa kisu juu ya donge kabla halijaingia oveni. Hilo kwangu ni jambo kubwa sana, kwa sababu msalaba mweupe wa zile za dukani ni unga na maji tu, hauna ladha, na ukipoa unatafunika kama mpira. Nyama ya mkate ni nzito kidogo kuliko ya supamaketi, anayependa mkate laini kama pamba huenda asiupende, mimi naupenda hivyo hivyo kwa sababu unakaa na chai.

Za supamaketi sizisemi vibaya zote, kuna ambazo ukizikausha kwenye tosta na siagi zinalika, lakini nyingi zimekolea sukari na mdalasini mpaka huonji kitu kingine, na viungo vimeshasagwa zamani, harufu imeondoka. Inaniuma hasa kwenye karafuu na iliki, sisi tunaotoka upande wa Zanzibar na Pemba tunajua karafuu ikiwa mpya inanukiaje. Halafu siku hizi wanaweka chokoleti, wanaweka jibini, zinauzwa tangu Januari. Wakati mwaka 1592 London ilitolewa amri kabisa kwamba mikate ya viungo isiuzwe isipokuwa kwenye mazishi, Ijumaa Kuu na Krismasi, na mwokaji akikamatwa mikate yake inachukuliwa wanapewa maskini! Sisemi turudi huko, nasema kitu cha msimu kina utamu wake kikisubiriwa.

Haya kuoka. Mapishi ya kanisa mimi sina, hii ni yangu niliyoifuatisha kwa ulimi, na inakaribia sana. Unga wa mkate nusu kilo (ule wenye nguvu, sio wa keki), hamira ya chenga gramu 7, sukari gramu 75, chumvi kijiko cha chai kimoja, siagi gramu 50, maziwa ya uvuguvugu ml 240, yai moja, zabibu gramu 150. Iliki punje kumi, uzipasue utoe mbegu uzitwange saa hiyo hiyo, usinunue ya unga tafadhali. Pilipili manga bana moja ndogo badala ya zile mbegu za Afrika Magharibi kama hujazipata. Kungumanga ukipenda kwaruza kidogo.

Mdalasini na karafuu nenda navyo taratibu, na hapa wengi wanalaumu hamira bure. Mafuta yaliyomo kwenye mdalasini na karafuu yanaizuia hamira isifanye kazi, ukichanganya na sukari na siagi ambazo nazo zinaichelewesha, donge linakaa tu linakuangalia. Dawa yake ni kulipatia muda, mkate wa kawaida unaumuka saa moja, huu mpe saa moja na nusu hata mbili, au ulaze kwenye friji usiku kucha uoke asubuhi, na wa kulala ndio mtamu zaidi. Iliki haina shida hiyo sana, na nadhani ndio maana skonzi ya St Albans ina ladha nyingi bila kuwa ngumu.

Zabibu ziloweke kwanza kwenye chai ya moto, zikiingia kavu zinanyonya maji ya donge. Kanda kama dakika 10 mpaka donge linavutika bila kukatika, ndio uingize zabibu mwishoni zisipondeke. Likiumuka gawa madonge 12, acha yaumuke tena mpaka yavimbe vizuri, chukua kisu kikali kata msalaba, kata kweli usiogope, maana ukikwaruza tu unafutika ndani ya oveni. Moto nyuzi 200, dakika 18 mpaka 20. Zikitoka chemsha vijiko viwili vya sukari na viwili vya maji, paka zikiwa bado za moto, zinang'aa na ngozi inabaki laini.

Walioko nyumbani Bongo wasio na oveni, sufuria nzito inatosha, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko, ila chini uwe kidogo kweli kwa sababu hii ina sukari na inaungua haraka kuliko mkate. Anza kuchungulia baada ya dakika 15.

Ya St Albans mimi naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimeitoa kwa sababu zabibu ningependa ziongezwe. Mkienda nendeni asubuhi, na ombeni siagi pembeni, kavu kavu hamtaisikia vizuri ile iliki.