Shanga za Kioo za Mtindo wa Waviking
Shanga hizi 24, zilizotengenezwa mojamoja kwa kuzungushia kioo kilichoyeyushwa kwenye kijiti cha chuma, zinafuata kwa uaminifu kazi ya mafundi wa Ribe, nchini Denmark, ambao katika karne ya 8 waliyeyusha hata vipande vya mozeki ya kioo vilivyoletwa kutoka kusini. Buluu yake imekolea vizuri, na mawimbi meupe yamechorwa kwa mkono usiotetemeka. Kasoro ni mtungo wenyewe: muuzaji amezifunga kama mkufu wa shingoni, ilhali wanawake wa Kiviking, kama yanavyoonyesha makaburi ya Birka nchini Uswidi, mara nyingi walizitundika kifuani, kati ya bizimu mbili zenye umbo la yai. Nimeshazitungua, nami nitazitunga upya.